Transfoma ya kijiji ikihujumiwa: mashine za kusaga na zahanati zijipange vipi?

MtuwaMafinga:
Wakuu, salaam. Kamati ya ulinzi ya kijiji huku Mufindi imegawanyika. Kuna waliosoma habari za Marekani, kwamba watu wenye itikadi kali wanashambulia vituo vya kupoza umeme ili nchi iingie gizani, wakaanza kutaka zamu za usiku kwenye transfoma. Wengine wanasema hayo ni ya huko, kwetu adui ni mwizi wa mafuta na nyaya. Naomba wenye ujuzi waseme: tofauti ipo wapi, na sisi tulio mwisho wa laini tufanye nini kabla na baada? Kijiji kina transfoma moja ya kVA 100 inayoshusha kutoka 33 kV, mashine mbili za kusaga za fezi tatu zenye mota za kW 15, na zahanati yenye friji ya chanjo na mashine ya oksijeni.

Msongo220:
Mkuu, pande zote mbili zina hoja.

Ya Marekani yapo kwenye kumbukumbu za mahakama. Februari 2022 wanaume watatu walikiri mahakamani Ohio kwamba walipanga kushambulia vituo vya umeme kwa itikadi ya ubora wa watu weupe. Februari 2023 akakamatwa Brandon Russell, mwanzilishi wa kikundi cha Wanazi mamboleo cha Atomwaffen, pamoja na Sarah Clendaniel, kwa njama ya kuzima umeme Baltimore, mji ambao wakazi wake wengi ni weusi. Mipango yao walikuwa wanamweleza mtoa habari wa FBI, wakidhani ni mwenzao. Clendaniel alipewa miaka 18 mwaka 2024, Russell miaka 20 mwaka 2025. Watu wa mrengo huu wanaamini jamii ikivurugwa haraka dola itaanguka, nao wajenge ya kwao juu ya magofu. Wanaulenga umeme kwa kuwa hauchagui nyumba.

Ila msimpe kila mharibifu cheo cha ugaidi. Sikukuu ya Krismasi 2022 vituo vinne karibu na Tacoma, jimbo la Washington, viliharibiwa, zaidi ya wateja 14,000 wakakosa umeme. Waliokamatwa walikuwa wawili, na lengo lao lilikuwa kuzima taa ili wavunje duka na kuiba fedha. Wiki tatu kabla, tarehe 3 Desemba, vituo viwili vya Moore County, North Carolina, vilipigwa risasi na wateja wapatao 45,000 wakakaa gizani, wengine kwa siku kadhaa. Huko mambo ya nia yamebaki maneno ya mitaani.

Tukio la kujifunzia ni la kituo cha umeme cha Metcalf, California, Aprili 2013. Transfoma 17 ziliharibiwa, hasara ikafika dola milioni 15 hivi, lakini umeme haukukatika kwa eneo kubwa kwa sababu waendeshaji waliuzungusha kwa njia nyingine. Baada ya hapo mamlaka za Marekani zikaweka kanuni, iliyoidhinishwa Novemba 2014, inayowalazimisha wenye vituo muhimu kutathmini hatari na kuandaa mpango wa ulinzi. Kwa maoni yangu uzio ni sehemu ndogo ya ulinzi. Kilichookoa Metcalf ni njia ya pili. Ukiwa na njia ya pili na akiba ya vifaa, mhujumu anaharibu chuma tu. Usipokuwa navyo, hata mwizi wa kawaida mwenye dumu anakulaza gizani wiki nzima.

Kuhusu akiba: transfoma kubwa ya kituo haikai dukani. Inatengenezwa kwa oda, na kwa miaka hii foleni ya viwandani inaweza kuzidi miaka miwili. Ina uzito wa makumi ya tani, zile kubwa hupita tani 100. Inashuka bandari ya Dar, halafu ndiyo safari ya huku. Anayeijua Kitonga, ule mlima wa njia ya Iringa, ajaribu kuwaza lobedi (trela la mizigo mizito) yenye mzigo huo kwenye zile kona. Husafirishwa bila mafuta, tanki likiwa limejazwa naitrojeni au hewa kavu, na ubavuni inafungwa kifaa cha kurekodi mitikisiko. Kifaa kikionyesha mshtuko uliopita kiwango, lazima ikaguliwe ndani kabla ya kuunganishwa. Kisha mafuta yanaingizwa kwa vakyumu, yanaachwa yatulie, vipimo vinafanyika. Ndiyo maana "wabadilishe tu" si jibu.

Transfoma yenu ya kVA 100 ni rahisi zaidi, ikiwepo stoo ya mkoa ni kazi ya siku moja ya krini na mafundi.

Kituo gani cha kanda yetu kina njia ngapi za kulishwa sitakiandika hapa. Na kwenye magrupu yenu, anayeulizia sana mambo hayo pamoja na zamu za walinzi atolewe taarifa polisi, hata kama anasema anatania.

FundiIlomba:
Naongezea upande wa transfoma na mashine, maana ndiko hela za watu zinakoteketea.

Mafuta ya transfoma yana kazi mbili, kupoza na kuzuia umeme usiruke kutoka koili kwenda kwenye bati. Yakitolewa, transfoma haizimi hapo hapo. Inaendelea kubeba mzigo huku sehemu ya juu ya koili ikiwa hewani, joto linapanda, karatasi inayofunika waya inaungua, mwisho inapiga shoti ndani. Mara nyingi ni jioni, watu wote wamewasha. Kwa hiyo wizi wa saa nane usiku unaweza kuonekana kesho yake saa mbili usiku. Hizo saa katikati ndizo za kuiokoa, mkitoa taarifa mapema izimwe kabla haijaungua.

Mlinzi aangalie akiwa chini, bila kupanda na bila kugusa: michirizi myeusi inayong'aa kwenye tanki, majani yaliyolowa mafuta chini ya nguzo, valvu ya chini iliyolegea au kukatwa, mlio uliobadilika, waya wa ethi (unaoshuka kuingia ardhini) uliokatwa unaoning'inia kwenye nguzo. Huo wa ethi ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Asiushike hata kama umeshakatwa, unaweza kuwa na umeme.

Msijaze mafuta wenyewe, hata mkiyapata. Mafuta hupimwa kwa kuangalia yanahimili kV ngapi katika nafasi ya milimita 2.5, na yakishuka chini ya 30 ni mabovu. Ya dumu la mtaani yana maji na vumbi, yataua hata koili iliyokuwa nzima. Pia tanki likikaa wazi, karatasi inanyonya unyevu, na kwa ukungu wa Mufindi haichukui muda. Lazima ipigwe megga (kipimo cha kuona kama umeme unavuja ndani) kabla ya kurudishwa kwenye laini.

Na waambieni mama lishe: hayo si mafuta ya kukaangia. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na PCB, sumu inayokaa mwilini miaka mingi na inayohusishwa na saratani. Mkataba wa Stockholm uliweka 2025 kuwa mwisho wa kuitumia kwenye vifaa, na unazitaka nchi ziiteketeze ifikapo 2028. Kwenye chipsi huwezi kuitambua kwa ladha wala harufu.

Sasa mashine. Hujuma au wizi ukiacha fezi mbili tu, mota iliyosimama haitaanza, italia tu. Iliyokuwa inazunguka itaendelea, lakini mkondo kwenye fezi zilizobaki unapanda karibu mara 1.7, na ndani ya dakika chache unasikia harufu ya vanishi. Hapo ni kusuka upya. Mota ya kW 15 kwa volti 400 huvuta kama ampea 28 hadi 30. Soma bamba lake na uweke ovalodi (kifaa kinachozima mota mkondo ukizidi) kwenye namba hiyo hiyo. Mafundi wengi huipandisha ili "isisumbue", na huko ndiko mota zinakofia. Kama mnatumia staa-delta (njia ya kuanzisha mota kwa mkondo mdogo) na ovalodi imefungwa kwenye njia ya koili, iweke 0.58 ya namba ya bamba, yaani ampea 17 hivi kwa mota ya ampea 29. Ongeza rilei ya kulinda fezi, ipitishe kwenye waya wa koili ya kontakta, ile swichi inayowasha na kuzima mota. Bei yake haifiki popote karibu na gharama ya kusuka mota.

Kwa nyumba za fezi moja hatari ni nyutro, waya wa kurudishia umeme, kukatika. Dalili: kwako taa zinang'aa kupita kiasi na friji inanguruma, kwa jirani taa ni hafifu kama koroboi. Ukipima unakuta volti 300 huku, 150 kule. Usisubiri. Zima meni swichi, mtangazie na jirani. Na kwa sababu ya wizi wa nyaya, mashirika mengi ya umeme yanaachana na waya wa shaba tupu kwenye ethi na kutumia chuma kilichopakwa shaba au zinki. Mnunuzi wa vyuma chakavu haupendi.

Mratibu_Chanjo:
Upande wa zahanati, mgawanye friji na oksijeni, maana muda wake haulingani.

Friji ya chanjo yenye ukuta wa barafu ikiwa imefanya kazi vizuri hadi umeme ulipokatika, imetengenezwa kuhimili angalau saa 20 bila umeme kwenye joto la nyuzi 43. Kwa baridi ya Mufindi mnapata zaidi, mradi mfuniko haufunguliwi. Friji ya nyumbani haina huo uwezo, isitumike. Andikeni saa umeme ulipokatika kwenye karatasi mlangoni, someni kipimajoto asubuhi na jioni, lengo ni nyuzi 2 hadi 8. Likikaribia 8, hamishia kwenye kasha baridi.

Kosa linaloharibu chanjo nyingi ni baridi kupita kiasi. Watu wanachomoa vifurushi vya barafu kutoka kwenye friza na kuvipanga moja kwa moja pembeni ya chupa. Chanjo za Penta (ya magonjwa matano), pepopunda na HPV (ya saratani ya mlango wa kizazi) zikiganda zimekwisha, na kwa macho zinaweza kuonekana nzima. Acheni vifurushi nje hadi ukivitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo muviweke. Kwa chanjo zisizostahimili kuganda, vifurushi vyenye maji baridi ni salama zaidi. Zile za jamii ya polio ya matone zinavumilia barafu.

Oksijeni ndiyo haisubiri. Mashine ya lita 5 kwa dakika hula takriban wati 350. Betri ya asidi ya 12 V, Ah 200, ukiitumia nusu ili isife, pamoja na kinachopotea kwenye inveta, inaibeba chini ya saa tatu. Kwa hiyo inveta ni ya kuvukia tu. Wekeni mtungi mkubwa wa lita 6,800 uliojaa, wenye regyuleta iliyofungwa tayari na spana ikining'inia hapo hapo. Kwa lita 5 kwa dakika unaenda kama saa 22, kwa lita 2 zaidi ya siku mbili. Ukaguliwe geji kila Jumatatu, kwa sababu mtungi wa akiba una tabia ya kukutwa mtupu.

MtuwaMafinga:
Asanteni sana wakuu. Mwenye mashine mmoja anataka kununua jenereta aunganishe na zahanati pia. Ya kVA 20 inatosha? Na zamu za usiku tuziweke?

FundiIlomba:
Kwa mashine ya kusaga, hapana. Mota ya kW 15 ikianza moja kwa moja huvuta mara sita au saba ya mkondo wake. Kwa staa-delta tafuta kVA 40, kwa kuanza moja kwa moja karibu 60. Ni nafuu kumwambia afunge injini ya dizeli kwa mkanda kwenye kinu kile kile. Zahanati peke yake kVA 5 inatosha friji, oksijeni na taa, chaji ya betri ikifanyika kwa zamu.

Lakini jenereta isiunganishwe kwa kuchomeka waya kwenye soketi. Wekeni swichi ya kubadilishia yenye nafasi tatu, laini, sifuri na jenereta, ili viwili visikutane kamwe. Bila hiyo umeme wa jenereta unarudi kwenye transfoma kinyumenyume na kutoka juu ukiwa 33,000 V, wakati kuna fundi wa laini amepanda nguzo akijua imezimwa.

Msongo220:
Zamu wekeni, ila mlinzi kazi yake ni macho na simu. Asiwafukuze watu wenye msumeno wa chuma gizani. Aandike namba iliyopigwa kwenye nguzo, saa, idadi ya watu, namba ya pikipiki na uelekeo. Waya ukiwa umeanguka akae mita 10 au zaidi na azuie watoto na ng'ombe. Taarifa iende polisi na kwa shirika la umeme kwa pamoja, nakala kwa mtendaji wa kijiji. Madumu na nyayo visiguswe hadi polisi wafike. Na mtendaji aende akaongee na wanunuzi wa chuma chakavu wa Mafinga, wajue kwamba shaba yenye alama za nguzo na vyuma vya minara vikikutwa kwao, wao ndio wa kwanza kuhojiwa.

Mkifanya hayo mawili tu, namba ya nguzo na wanunuzi wa chakavu, mmeshawapita vijiji vingi. Zamu ya usiku bila namba ya simu ya zamu ya kituo cha umeme haina maana, kwa hiyo ibandikeni mlangoni mwa ofisi ya kijiji leo.