Kituo cha haki za raia chuoni, Mombasa: tuanzie wapi kabla ya kufungua mlango?

mwanakliniki_tudor
Hamjambo wadau. Kitivo chetu cha sheria kimetupa chumba kimoja tuanzishe kituo cha haki za raia, chenye kazi ya kutoka kwenda Majengo, Likoni na Changamwe. Wanafunzi tuko 18, wa mwaka wa 3 na wa 4. Mwenye leseni ya uwakili ni mwalimu mmoja tu. Wenzangu wanataka tuanze na baraza kubwa, fulana na mabango. Mimi naona tutajaza watu halafu tushindwe kuwahudumia. Mwanafunzi afanye nini, aishie wapi? Faili la mtu liwe na nini? Na mizozo ya ardhi tuipokee?

wakili_kilindini
Mabango yangoje. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inakitambua chuo chenye kliniki ya sheria, yaani kituo kama chenu, kuwa mtoaji wa msaada, ila kwanza mpate ithibati ya NLAS, idara ya taifa ya msaada wa kisheria. Mwanafunzi anaweza kumsikiliza mtu, kuandika maelezo yake, kutafuta sheria, na kumweleza njia zilizopo mwalimu akishazikagua. Hawezi kusimama mbele ya hakimu kwa niaba yake wala kusaini nyaraka za kesi kama wakili. Hati za kuhamisha ardhi asiziguse kabisa. Na pesa msipokee, hata ya chai.

Kabla mtu hajaanza kueleza, muulize anazozana na nani, kisha angalieni daftari la mliokwisha kuwasikiliza. Kwenye mirathi, ndugu watatu huja siku tatu tofauti, kila mmoja na siri zake. Mkishawasikiliza wawili mmenasa, hamwezi kumsaidia yeyote. (Mirathi ya Waislamu mara nyingi ni ya Mahakama ya Kadhi, kwa hiyo mjue na njia ya huko.)

Faili sasa. Ukurasa wa kwanza uwe na tarehe mbili kwa wino mwekundu: siku jambo lilipotokea, na siku ya mwisho ya kushtaki. Hapa ndipo kliniki huzama. Mtu aliyejeruhiwa na askari polisi akitaka fidia kwa njia ya kawaida ya madai ana miezi 12 tu dhidi ya serikali. Kaunti nayo ihesabuni vivyo hivyo, msibahatishe. Dai la mkataba dhidi ya serikali ni miaka 3, na dai la kuachishwa kazi pia miaka 3. Ombi la kikatiba halina muda uliowekwa, lakini ukichelewa jaji atauliza kwa nini, na "hatukujua" si jibu zuri.

Nambari ya OB (daftari la matukio la polisi) iandikwe yenyewe, si "aliripoti kituoni". Simu nayo, ulizeni ni ya nani. Kesi siku hizi husajiliwa mtandaoni, na mtu akiandikishwa kwa nambari na barua pepe ya kijana wa saiba, tarehe ya kutajwa itapita naye hana habari. Hati ya kiapo ya asiyejua kusoma lazima ionyeshe mwishoni kwamba alisomewa kwa lugha anayoifahamu, akaelewa, ndipo akaweka kidole. Isipoonyesha hivyo, upande wa pili wataomba itupwe.

bint_kisauni
Naongezea la ardhi, kwa sababu Mombasa lina mtego wake. Hapa nyumba huwa ya mtu na kiwanja cha mwengine. Babu alijenga, kila mwezi analipa kodi ya ardhi kwa ajenti wa mwenye shamba, kisha siku moja shamba linauzwa na mnunuzi analeta notisi. Wanafunzi wakiona tu miaka 40 ya kukaa pale, hukimbilia kudai umiliki kwa ukaaji wa miaka 12. Dai hilo linataka mtu awe amekaa bila idhini ya mwenyewe. Risiti za kodi zinaonyesha idhini ilikuwepo, na kesi inaanguka kwa karatasi zile zile mlizoziambatisha wenyewe.

Kosa la pili ni kinyume chake. Kifungu cha 152E cha Sheria ya Ardhi kinataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3, nakala ziende kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa divisheni, na aliyepewa anaweza kwenda mahakamani kuipinga. Ni ngao nzuri, ila inahusu mtu anayekaa kinyume cha sheria. Mkiiegemea peke yake kwa mtu anayelipa kodi, mmeshamwita mvamizi kwa kalamu yenu. Kwa hiyo swali la kwanza liwe hili: ulikuwa ukimlipa nani, na risiti ya mwisho ni ya lini? Kisha fanyeni upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi mjue jina lililoko kwenye hati, maana ajenti wakati mwengine huendelea kukusanya kodi baada ya shamba kuuzwa.

mzee_wa_rejista
Baraza si baya, bora watu watoke na kitu mkononi. Wafundisheni kuomba habari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia kuandika kwa Kiswahili, na kuomba hakulipiwi, isipokuwa gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21, inaweza kujiongezea 14 mara moja tu. Panapohusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Wakikataa, mna siku 30 kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Barua nyingi hukwama kwa sababu zinaomba "habari zote za soko". Taja hati moja, mwaka, na idara. Halafu bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, la sivyo zile siku 21 hamna pa kuanzia kuzihesabu.

Kesi kubwa msizibebe peke yenu. Ya sumu ya madini ya risasi (lead) ya mtaa wa Owino Uhuru ilipata hukumu ya shilingi bilioni 1.3 hapa Mombasa mwaka 2020, ikaburutwa kwenye rufaa hadi Mahakama ya Juu mwaka 2024. Mwanafunzi hukaa miaka 4. Za aina hiyo muwapelekee Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria ambalo lina ofisi hapa, ninyi mkusanye ushahidi.

mwanakliniki_tudor
Shukran sana, hasa hilo la risiti. Sasa, wakati wa mitihani na likizo faili hukaa kwa nani?

wakili_kilindini
Kwa mwalimu, kwenye kabati lenye kufuli. Kila faili liwe na wanafunzi wawili, mmoja wa mwaka wa 3 na mmoja wa 4, ili anayehitimu amwachie mwenzake. Wiki 3 kabla ya mitihani msipokee jambo jipya ambalo siku yake ya mwisho inaangukia likizoni. Mpeni mtu barua ya kumwelekeza kwengine siku hiyo hiyo, na tarehe yake ya mwisho iandikwe ndani. Mkimwambia tu "rudi Septemba", amepoteza haki yake mikononi mwenu. Picha za vitambulisho zisipite kwenye kundi la WhatsApp, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu nanyi. Na siku ya kupokea watu isiwe Ijumaa.