Tupeane uzoefu: simu imekusaidia nini kwenye mtama, uwele, mihogo, njugu mawe na mboga za asili?

Mkulima Chamwino

Wakuu, habari za majukumu. Mada za kilimo mtandaoni ni nyingi, lakini karibu zote zinahusu mahindi, nyanya, tikiti na parachichi. Sisi wa kanda kavu tunaolima mtama, uwele, kunde na njugu mawe tuko wengi na hatusikiki. Uzi huu uwe wetu. Mwenye uzoefu wa kutumia simu kwenye mazao haya, iwe simu janja au kitochi, atueleze alitumia nini, alipata nini na ilimkwamia wapi. Matangazo ya biashara hapana, tafadhali.

Naanza mimi. Dodoma tunapata mvua ya milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka, tena msimu mmoja tu. Kinachotuumiza zaidi ni mpangilio wake. Mvua inaanza Desemba, watu wanapanda, halafu mwishoni mwa Januari au Februari jua linawaka wiki mbili tatu mfululizo. Mahindi yakikutwa yanatoa mbelewele, umeshapoteza. Mtama unakunja majani na kusubiri. Mvua ikirudi, unaendelea. Ndiyo maana nimehamia Macia, ule mtama mweupe mfupi unaokomaa kwa siku 110 hivi, na kwenye kichanga naweka uwele wa aina ya Okoa.

Simu inanisaidia kwenye uamuzi mmoja mkubwa: nipande udongo ukiwa mkavu au nisubiri? TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hutoa mwelekeo wa mvua za msimu, zile za Novemba hadi Aprili, kabla hazijaanza, kisha wanafuatisha utabiri wa siku kumi kumi. Zamani tulisikia redioni nusunusu, mwingine anasema wastani, mwingine juu ya wastani. Sasa nasoma mwenyewe, narudia, namwonyesha mke wangu, tunakubaliana. Wakitaja vipindi virefu vya ukavu, tunachimba mapema mashimo ya Chololo, yale madogo ya kupandia yanayokusanya maji ya mvua, na shamba lote linakuwa Macia. Wakisema mvua nzuri, tunabakiza kipande kwa mtama mrefu wa kienyeji, maana ugali wake hauna mfano na mabua yake ng'ombe wanayapenda.

Iliponikwamia: nilijiunga na huduma fulani ya ushauri kwa ujumbe mfupi. Wakaniuliza zao langu, na kwenye orodha yao mtama haukuwepo. Ilibidi nichague mahindi ili nipate taarifa za mvua, na msimu mzima nikawa nakumbushwa kuweka mbolea ya kukuzia kwenye mahindi ambayo sina. Hilo linaniudhi kweli. Serikali na wataalamu wanatuambia tulime mazao yanayostahimili ukame, halafu mfumo wenyewe haulijui zao hilo.

Mama Saga, Vihiga

Hamjambo nyote. Mimi niko Vihiga, Kenya, nalima mboga za kienyeji: saga, managu, mrenda na kunde. Nafikiri ninyi huko mnaiita mgagani hiyo saga.

Kundi letu la WhatsApp lilianza kwa ajili ya kuuza mboga. Vijana wakawa wanalalamika kwamba mbegu ya saga haioti. Wanavuna yao, wanapanda mara moja, zinatoka chache mno. Mmoja alikuwa ameshaamua kuacha zao lenyewe. Basi kuna shosho mmoja hapa, hajui kuandika, lakini mjukuu wake alimshikia simu akarekodi sauti kwa Kimaragoli. Akasema mbegu ya saga mbichi huwa imelala. Ivune ganda likianza kuwa njano, ikaushe kivulini, iweke mahali pakavu miezi mitatu au zaidi, ndipo uipande. Tena usiifukie chini sana, ni mbegu ndogo. Afisa wa kilimo wa wadi alipoisikia akathibitisha: wataalamu wanaijua hali hiyo, mbegu mpya ya saga huota kwa shida hadi ikae.

Sauti ile ilizunguka kijiji hadi kijiji. Tangu hapo tumekuwa tukienda kwa wazee na kuwarekodi: mbegu ya managu inasafishwaje, mrenda gani unavumilia jua, kunde ya majani unaitofautishaje na ya nafaka. Tunahifadhi kila sauti kwa jina la mboga. Kwangu hii ndiyo teknolojia iliyotufaa kuliko programu yoyote, kwa sababu maarifa haya hayakuwa yameandikwa mahali mkulima anaweza kuyafikia. Wasomi kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT wamezifanyia mboga zetu utafiti mkubwa na kuzirudishia heshima, lakini mkulima wa hapa anataka kumsikia mtu anayezungumza lugha yake.

Kuhusu mvua, huku Bunyore kuna ukoo wa Nganyi, wazee wanaosoma mvua kwa miti, wadudu na ndege. Watu wa idara ya hali ya hewa walikaa nao chini, utabiri wa wazee ukawekwa pamoja na wa wanasayansi, halafu tangazo likatoka kwa lugha ya watu. Hata leo, mzee akikubaliana na simu, hakuna anayebaki nyumbani siku ya kupanda.

Soko nalo: mnunuzi wa Nairobi anaagiza jioni na kutuma kiasi kwa M-Pesa, ndipo tunachuma. Saga ikishachumwa hunyauka upesi, kwa hiyo kuchuma bila oda ni hasara.

Kijana wa Handeni

Mkuu, mada nzuri. Kwetu ni mihogo. Natumia Nuru ya PlantVillage, programu ya simu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani wakishirikiana na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakwambia kama ni ugonjwa wa batobato, ugonjwa wa michirizi kahawia au wadudu wa utitiri wa kijani. Ina Kiswahili, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Hilo ndilo lililonivutia, maana shambani kwangu mtandao haushiki.

Usiamini jani moja. Piga majani kadhaa ya mti mmoja, ya juu na ya chini, maana michirizi kahawia hujificha. Mti unaweza kuonekana una afya, ukachimba ukakuta muhogo umeoza ndani.

Faida niliyopata ni kwenye kuchagua pingili. Kabla ya kukata mbegu, napita nakagua kila mti. Wenye dalili siukati, na jirani akiniomba mbegu simpi kutoka hapo. Virusi hivi tunavisambaza wenyewe kwa kugawiana pingili.

Mkulima Chamwino

@Kijana wa Handeni, swali: huo mti wenye dalili unauacha au unang'oa?

Kijana wa Handeni

Ukiwa bado mchanga nang'oa, nauondoa shambani kabisa. Ukiwa umeshakomaa nausubiri nivune nile, ila pingili zake hazipandwi.

Mlinzi wa Shamba, Bahi

Mtama bila kuzungumzia kwelea kwelea ni hadithi nusu. Ndege mmoja hula kama gramu 10 kwa siku. Piga hesabu: kundi la ndege milioni moja ni tani 10 kila siku. Na Macia hiyo nyeupe ndiyo wanayoipenda hasa. Mtama mwekundu wenye ukakasi wanachelewa kidogo kuuvamia.

Kumpata ndege mchana mashambani hakusaidii kitu, atahama. Dawa hupigwa jioni pale wanapolala. Zamani taarifa zetu zilikuwa "wako kule mtoni, karibu na mibuyu", mtaalamu akifika anazunguka hadi giza linaingia. Sasa vijana wanafuatilia kundi linaporudi jioni, wanafika karibu na vichaka, wanachukua alama ya eneo kwenye simu na picha, wanamtumia afisa kilimo wa kata, naye anaipeleka juu siku hiyo hiyo. Kazi ya kutafuta inakuwa imekwisha kabla ndege ya kunyunyizia haijaruka.

Kitu kimoja nakisema kwa msisitizo: eneo likishanyunyiziwa, msiokote ndege waliokufa kwa kitoweo. Ile ni sumu. Na watoto waambiwe.

Binti Mnyaturu

Nimesoma wote, na kuna jambo hamjaligusa. Njugu mawe kwetu Singida ni zao la akina mama. Mama ndiye anayechagua mbegu, anayepanda, anayefukia udongo zikianza kutoa maua ili maganda yaingie chini. Lakini simu iliyosajiliwa ni ya baba. Ujumbe wa ushauri unaingia kwa baba, baba yuko mnadani na ng'ombe, anausoma au hausomi. Mama anausikia baada ya wiki, na palizi imeshapita.

Kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, tuliamua kununua simu ya kikundi. Anaishika mweka hazina, na ndiyo namba tunayojisajilia popote. Siku ya kukutana tunasikiliza ujumbe wote kwa sauti kubwa kabla ya kuweka hisa. Wengine hawasomi, kwa hiyo huduma za sauti na redio ya jamii ndizo tunazozipenda. Wanaotengeneza hizi programu wangetuuliza kwanza, wangeanza na sauti.

Kusini Kwetu, Nachingwea

Mimi ni mbaazi. Mizizi yake inakwenda chini, mahindi yakishakauka yenyewe bado ni ya kijani. Tatizo letu halijawahi kuwa shambani. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kwao, bei huku ilianguka, sehemu nyingine kilo ikawa chini ya shilingi 200. Wapo waliong'oa mashamba.

Sasa tunapeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika, mzigo unaingia ghalani, mnada unaendeshwa kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la mtandaoni. Wanunuzi wanaweka bei wakiwa popote, na sisi wakulima tunaziona zikipanda au kushuka, kisha tunaamua tuuze au tukatae. Haiondoi hatari ya soko la nje; India ikifunga mlango, hata mnada wa mtandaoni utashuka. Ila ule utaratibu wa mtu kuja na pikipiki na mzani wake kunitangazia bei ya leo, umenitoka. Changamoto ni kusubiri malipo. Mwenye njaa nyumbani hasubiri, anauza pembeni kwa hasara, na sina moyo wa kumlaumu.

Mutua, Kitui

Gadam ndio mtama wetu hapa, unakomaa upesi. La kuongeza ni moja: pakiti ya mbegu ikiwa na stika ya KEPHIS, shirika la Kenya linalokagua ubora wa mbegu, kwangua upate namba, utume 1393. Inachukua dakika, na utajua kama mbegu ni halali kabla hujaondoka dukani.

Bwana Shamba Mstaafu

Tanzania pia lebo za TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, zina namba ya kukwangua na kuhakiki kwa simu. Itumieni.

Kuna mdau amenitumia picha ya mtama uliodumaa, chini yake kuna vimelea vyenye maua ya zambarau. Hicho ni kiduha. Kinafyonza mtama kwenye mizizi kabla hujakiona juu, ndiyo maana kupalilia peke yake hakutoshi. King'oe kabla hakijaweka mbegu, kwa sababu mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi. Msimu ujao changanya na kunde, na utafute Hakika au Wahi, mitama inayokistahimili. Endeleeni kutuma picha, ila pigeni tatu: mmea mzima, jani kwa karibu, na mizizi. Picha ya shamba kwa mbali hainisaidii kujua ugonjwa.

Binti Mnyaturu

Shikamoo bwana shamba. Macia naweza kutunza mbegu yangu mwenyewe, au ni lazima ninunue kila mwaka kama mahindi chotara?

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba mwanangu. Macia unaweza. Mtama kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe, kwa hiyo chagua masuke mazuri katikati ya shamba, mbali na mtama wa aina nyingine, uyafunge kitambaa chekundu kabla ya mavuno. Fanya hivyo misimu michache, kisha nunua mpya. Uwele ni tofauti, huo huchavushana na wa jirani kwa urahisi. Ukitaka Okoa ibaki Okoa, ni bora mkubaliane wote wa eneo moja kupanda aina hiyo.

Mkulima Chamwino

Hili la uwele nalipeleka kwenye kundi la kitongoji leo jioni, kabla watu hawajaanza kutafuta mbegu. @Mama Saga, ile sauti ya shosho tunaiomba, na mwenye Kimaragoli atutafsirie. Wa njugu mawe, uzi bado uko wazi. Mwenye mbegu ya rangi ya krimu aseme yuko wilaya gani.