Naitwa jeshini miezi tisa, nikirudi kazi yangu itakuwepo? Naombeni ushauri

Mtu wa Pangani: Wakuu, salaam. Nipo Texas, nasimamia upakiaji ghalani, na hapohapo ni askari wa akiba: wikiendi moja kila mwezi na wiki kama mbili kwa mwaka naenda mazoezini. Sasa imekuja amri ya kuingia kazi kamili miezi tisa, naondoka mwezi ujao. Wife ni mjamzito, nyumba ya kupanga. Swali langu ni moja tu: nikirudi nitaikuta kazi, au nianze kutafuta nyingine kimyakimya?

Kisiki: Kwa hiyo mkuu wewe ni mgambo? Wa huko nao wanamwaga masufuria ya mama ntilie?

Bi Mkubwa Tandika: Mwanangu, huyo mjamzito unamwachia nani? Hapo ndipo pa kuanzia, kazi baadaye.

Nanga: Mimi nilipotoka JKT Mafinga 2014 nikarudi dukani kwa shemeji, nikakuta stuli yangu kakalia mpwa wake. Dada mwenyewe akaniambia "utapata tu". Mpaka leo sijamwelewa.

Wakili wa Kijiweni: Acheni utani, kuna mtu ana shida. Marekani wana sheria ya mwaka 1994 ya kulinda kazi ya anayekwenda jeshini, wanaiita USERRA. Inambana mwajiri yeyote, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Huduma ikizidi siku 180, una siku 90 baada ya kumaliza kuomba kurudi, na unarudishwa kwenye ngazi ambayo ungekuwa umeifikia kama usingeondoka, mshahara wake ukiwemo. Mwaka mzima baada ya hapo hawakufukuzi bila sababu ya haki. Ila mwajiri awe amepewa taarifa kabla. Ulimwambia?

Mtu wa Pangani: Anajua nasafiri.

Wakili wa Kijiweni: Anajua unasafiri, au anajua unakwenda jeshini?

Mtu wa Pangani: Msinihukumu wakuu. Nilimwandikia kwamba mama amefariki, nakwenda Tanga kuzika. Bosi akisikia tu wikiendi ya jeshi ananuna wiki nzima. Nikimtajia miezi tisa si atanitoa palepale? Msiba kila mtu anauheshimu.

Bi Mkubwa Tandika: Mama yu hai?

Mtu wa Pangani: Yu hai, jana kanitumia picha ya samaki changu.

Kisiki: Miezi tisa unazika nini? Hata eda ni miezi minne na siku kumi!

Nanga: 😂😂 Halafu umeitwa au umejipeleka?

Mtu wa Pangani: Nafasi ilitangazwa, nikaomba. Familia inakua jamani.

Kisiki: Basi haki huna. Umejitakia.

Wakili wa Kijiweni: Si kweli. Kuitwa au kujitolea, sheria inakulinda vilevile, mradi muda wako wa jeshi kwa mwajiri huyo usizidi miaka 5 kwa jumla, na ipo miito isiyohesabiwa humo. Kinachokuponza ni hiyo barua ya msiba. Taarifa ya jeshi hata kwa mdomo inatosha, na ofisa wa kikosi chako anaweza kukutolea. Nenda kabla hujaondoka, toa nakala ya amri. Wakigoma, ESGR, ofisi ya serikali yao inayoshughulika na askari wa akiba na waajiri wao, wanasuluhisha bure.

Mtu wa Pangani: Nikimwambia sasa ataniona mwongo.

Wakili wa Kijiweni: Akuone mwongo mwezi huu ukiwa na karatasi mkononi, kuliko mwakani ukiwa huna.

Kaptura: Wakili unapoteza bando. Hii ni chai. Huyuhuyu majuzi alikuwa nesi Muscat, anauza Noah. Fukueni nyuzi zake.

Kisiki: Duh, nimefukua, kweli. Nesi!

Mtu wa Pangani: Akaunti hii tunatumia na dada yangu. Yeye ndiye wa Muscat.

Kaptura: Na mama mnamzika kwa zamu?

Bi Mkubwa Tandika: Chai au si chai, kumwombea mama kifo ni mkosi.

Nanga: Hiyo Noah ya mwaka gani?

Mtu wa Pangani: Wakili, Jumatatu nampelekea bosi nakala. Nanga, njoo inboksi.