MJADALA: Je, BMI (namba inayolinganisha uzito wa mtu na urefu wake) peke yake inatosha kumwambia mtu kwamba amezidi uzito?

Wadau, nina hoja. Juzi nilipimwa kliniki: kilo 85, urefu mita 1.70. Mhudumu akabonyeza kikokotoo, akaandika 29.4, akaniambia nimebakiza kidogo nifike kwenye unene uliokithiri. Basi, akaita mwingine. Hakushika utepe wa kupimia kiuno, hakuuliza nafanya kazi gani.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Unazidisha urefu kwa urefu, 1.70 mara 1.70 ni 2.89, kisha unagawa kilo kwa jibu hilo. (Wengi hukosea hapa: wanagawa kwa urefu mara moja tu, au wanauacha kwa sentimita.) Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani (WHO) huanza kuhesabu uzito uliozidi kwenye 25, na unene uliokithiri kwenye 30.

Kinachoniuma ni kwamba namba hiyo haijui kilo zimekaa wapi. Msuli ni kilo, mafuta ni kilo. Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyebuni kanuni hii karne ya 19, alikuwa mtu wa takwimu aliyekuwa akimtafuta mtu wa wastani, si mgonjwa wa kutibu. Na mipaka yenyewe huhamishwa: mwaka 1998 Marekani ilishusha ule wa wanaume kutoka 27.8 hadi 25, na mamilioni wakahesabiwa wamezidi uzito bila kuongeza hata gramu moja.

Najua mtasema ni kipimo rahisi, hakina gharama, na ukipima watu elfu kinaonyesha hali ya jamii. Hapo sibishi. Lakini aliyekaa mbele yako ni mmoja. Mpitishie utepe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, atoe pumzi, usome. Kiuno kikifika nusu ya urefu, hapo pana jambo, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yanayoandamana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo.

Nilijipima nyumbani nikapata sentimita 92, na nusu ya urefu wangu ni 85. Kwa hiyo sijitetei, tumbo ninalo. Ninayemhofia ni yule mwenye BMI ya 24, mikono myembamba na kitambi, anayeambiwa yuko sawa na kurudishwa nyumbani.

Wauguzi na madaktari mliomo humu: nini kinazuia utepe kukaa kando ya mizani?