Jaji mkuu wa Tanganyika aliyewahi kuruka Olimpiki, kuna anayemjua?

kalamu_kavu:
Wakuu habari zenu. Jana nilikuwa napanga vitu vya marehemu babu, alikuwa karani wa mahakama enzi za mkoloni, nikakuta kitabu cha hukumu za Tanganyika, mchwa wamekula jalada lote limebaki unga, ila ndani kila baada ya kurasa chache kuna jina Abrahams C.J. (Chief Justice, yaani jaji mkuu). Nikamuuliza mjomba akacheka, eti huyo alikuwa mwanariadha. Mwanariadha?? Alikuwa nani huyu na je alitutendea haki au ndo walewale?

mzee_wa_rufaa:
Mjomba hajakudanganya mkuu. Huyo ni Sidney Abrahams, Mwingereza Myahudi, kazaliwa Birmingham 1885, mchezo wake kuruka chini. Athens 1906 alishika nafasi ya 5, Stockholm 1912 akawa wa 11. Mdogo wake Harold ndo maarufu zaidi, yule wa dhahabu ya mita 100 Paris 1924. Huku kwetu kaanzia Zanzibar kama hakimu wa mjini, baadae Baghdad, Uganda, Gold Coast (Ghana ya leo), akarudi Uganda jaji mkuu 1933, Tanganyika 1934 hadi 1936, halafu Ceylon (Sri Lanka ya leo). Yani walikuwa wanahamishwa kama walimu wa shule ya msingi, ukianza kuzoea mihogo unaambiwa funga virago.

binti_pangani:
Kuhusu haki, hata angekuwa malaika kijijini asingefika. Sheria ya 1929 ilizitoa mahakama za wenyeji chini ya Mahakama Kuu, kwa hiyo kesi yako ya mbuzi au shamba ikianzia barazani kwa mtemi, rufaa inapanda kwa bwana shauri, kisha mkuu wa jimbo, mwisho gavana. Yani anayekudai kodi asubuhi ndo anasikiliza rufaa yako mchana! Jaji mkuu ukimuona ujue umeua au umesingiziwa umeua.

mzee_wa_rufaa:
@binti_pangani hapo sina ubishi. Ila kule Ceylon aliwashangaza wenzake. 1937 gavana Stubbs aliamuru kijana mmoja anaitwa Bracegirdle afukuzwe nchini ndani ya saa 48, mzungu mwenzao katoka Australia kujifunza kilimo cha chai akaishia kusimama na vibarua majukwaani. Jamaa akajificha, akaibukia mkutanoni uwanja wa Galle Face, Colombo, mbele ya umati, polisi wanaangalia tu. Walipomkamata kesi ikafika kwa Abrahams na majaji wawili, wakasema amri haina nguvu, gavana hana ruhusa ya kufukuza mtu kisa kaongea, wakamwachia.

binti_pangani:
Sawa, ila aliyeokolewa ni mzungu 😄 Mimi namhesabia zaidi Nyasaland (Malawi ya leo) 1946, alipotumwa kuchunguza ardhi za kule Shire ambako Waafrika walikuwa wanamfanyia kazi mwenye shamba ili wapate pa kuishi, wenyewe wakiita thangata. Alishauri serikali inunue ardhi iliyolala bure kwenye mashamba ya wazungu wapewe wananchi. Utekelezaji ukaenda kwa mwendo wa konokono, 1953 ghasia zikalipuka hukohuko, wilaya ya Thyolo.

kalamu_kavu:
Dah asanteni sana. Nimekirudia kitabu sasa hivi nisome alichotuamulia, hukumu za 1935 karibu zote mchwa wamepita nazo. Kuna anayejua dawa ya mchwa isiyoharibu karatasi?