Nichoreje mandhari ya tamthilia ya kudai Uhuru wa Tanganyika?

Mchoraji Mgeni: Ndugu wanajukwaa, kikundi chetu kinaandaa tamthilia mpya kuhusu harakati za kudai uhuru wa Tanganyika, nami nimekabidhiwa kazi ya kuchora mandhari. Mchezo unaanzia kuundwa kwa TANU Julai 1954, unamfuata Mwalimu Nyerere hadi Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1955, unapitia mjadala wa kura tatu Tabora mwaka 1958, kisha unaishia usiku wa Uhuru. Jukwaa ni dogo, wala hatuna nafasi ya kubadilisha mapazia manne. Tumekwisha kununua kitambaa cha marekani na rangi ya mafuta. Naomba ushauri.

Fundi Rangi: Rangi ya mafuta irudishe dukani ikiwezekana, kwa sababu hung'aa taa zikiwashwa, na pazia likikunjwa hupasuka. Tumia rangi ya maji isiyong'aa. Kwanza kigongelee kitambaa kwenye fremu kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, halafu kipake gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji mengi. Kikikauka hujikaza chenyewe, kwa hiyo usikivute mno, la sivyo fremu itapinda. Jaribu pia kila rangi chini ya taa zenu, maana kijani kikimulikwa na taa nyekundu huonekana karibu cheusi.

Msomaji wa Historia: Hilo la kijani lina uzito hapa. Bendera ya TANU ilikuwa kijani, nyeusi na kijani. Mistari ya dhahabu ilikuja na bendera ya Tanganyika mwaka 1961, na buluu ikaongezwa baada ya Muungano wa 1964. Pazia liwe moja, anga na minazi basi. New York inatosha meza ndefu na mwanga mkali. Tabora usichore chochote cha uchaguzi: wajumbe walibishana kama wakubali utaratibu wa kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na ukichora masanduku ya kura nyuma yao utakuwa umetoa jibu kabla ya hoja.

Mchoraji Mgeni: Nashukuru. Mwongozaji anataka Mlima Kilimanjaro katika onyesho la mwisho, kwa ajili ya Mwenge.

Msomaji wa Historia: Mwenge uliwashwa kileleni kweli, ila bendera ya Uingereza ilishushwa uwanjani Dar es Salaam saa sita usiku. Mwache mlima. Zimeni taa zote, mbadilishe bendera ya kitambaa halisi gizani, kisha taa ziwake.

Fundi Rangi: Naunga mkono, mradi mfanye mazoezi ya kutosha na kamba mbili, kila bendera na yake, kwa kuwa kufungua fundo gizani ni taabu.