Rimu 17 za Benz na tairi za mtumba kwenye Noah, zinafaa?

msafiri_kusini
Wakuu habari. Toyota Noah ya 2004, inavaa 195/65R15. Kuna mtu hapa Mtwara mjini anauza rimu 17 zilizotoka kwenye Benz, zina tairi za mtumba 205/50R17 89V. Kashata (meno ya tairi) bado nene, ubavuni pameandikwa 1416. Fundi kajaribu moja imeingia, ila nati zinakaza kwa kulazimisha. Gari inabeba abiria na mizigo Mtwara–Masasi. Nichukue?

Fundi_Ligula
Usichukue mkuu. Achana na tairi kwanza, hizo nati ndizo zinakupa jibu. Stadi (skrubu za kwenye gari zinazoshika rimu) za Noah zimepangwa kwenye duara la mm 114.3, matundu ya Benz ni mm 112. Tofauti ndogo, ndiyo maana inaingia, lakini stadi zinavutwa upande. Tena Benz hufungwa kwa bolti zenye shingo ya duara, kwa hiyo tundu la rimu limechimbwa kama bakuli. Nati ya koni ya Noah ikikaa humo inagusa ukingo mwembamba tu. Ukipiga rafu inajilegeza, halafu stadi zinaanza kukatika moja moja.

Na tundu la katikati je? Habu (kitovu ambacho rimu inakaa juu yake) ya Toyota mm 60.1, rimu ya Benz 66.6. Watakuuzia ringi ya kujazia. Inaziba pengo, haihamishi matundu ya stadi.

BintiMikindani
Naongezea kwenye tairi. Kimo ni kilekile (mm 637 kwa 634), hapo ndipo wauzaji wanapokushika. Kilichopungua ni ubavu, kutoka mm 127 hadi 102. Ukiingia shimo gari ikiwa imejaa, rimu inaubana ubavu, nyuzi zinakatika, tairi inaota nundu. Na ile 89 ni namba ya uzito, yaani kilo 580 kwa tairi moja, wakati 91 ya tairi zako za 15 ni kilo 615. Kwa tairi nne umeshapoteza kilo 140, yaani abiria wawili.

1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo, kashata nene zisikudanganye. Tazama pia kama imeandikwa STUDLESS (Blizzak, iceGUARD na wenzake). Hizo ni za theluji ya Japani. Mpira wake laini, kwenye lami ya moto huku kwetu unalika haraka.

msafiri_kusini
Asanteni, rimu naziacha. Nikipata mtumba za 15 nikague nini?

Fundi_Ligula
Ivuliwe kwenye rimu kabla hujalipa. Muuzaji akigoma, ondoka. Pitisha mkono ndani: ukikuta unga mweusi au mstari uliochubuka kuzunguka ubavu, ilikimbizwa bila upepo, nyuzi zimeshaungua. Kiraka katikati ya kashata hakina neno kama tundu halikuzidi mm 6. Begani au ubavuni, hapana. Ile rangi nyeusi ya kung'arisha ioshe kwa sabuni, ukunje ubavu kwa dole gumba, nyufa zitajionyesha. Kashata chini ya mm 1.6 ni kipara, ila msimu wa mvua usishuke chini ya 3.

Valvu weka mpya zote. Nati ni M12x1.5, kaza kwa kuvuka (si kwa kuzunguka), Nm 103, kwa spana ya kupimia. Ukifika Mingoyo, njiani kwenda Masasi, simama uzipitie tena.

BintiMikindani
Ukipata mbili nzuri na mbili zilizochoka, nzuri ziende nyuma. Wengi wanaziweka mbele. Mbele ikiteleza unaachia mafuta na gari inapungua yenyewe. Nyuma ikiteleza gari inageuka kabla hujashika stelingi vizuri.